Ailsey, Mreno wa Wilaya Nzima

Ailsey Terrapin alizaliwa Mcherokee, kabila la wenyeji wa Marekani, akalelewa Mreno. Askari walipowaswaga watu wake kuelekea magharibi, jirani yao, mjane mzungu Keziah Pruitt, alimficha mtoto yule kwenye banda la mahindi. Askari mmoja akamkuta.

"Na huyu?"

"Mreno," mjane akasema. Maishani mwake hakuwahi kumwona Mreno. Askari naye vilevile. Yakaisha.

Mashamba ya Wacherokee yakagawiwa wazungu kwa bahati nasibu, wilaya ikapewa jina la jenerali asiyewahi kufika. Ikaja pamba, na watumwa wa kuilima. Vikaja vita, watumwa wakawa huru, pamba ikabaki. Ailsey akaolewa, akazaa, akafiwa na mume, na yeye bado Mreno machoni pa watu.

Halafu kikaja kiwanda cha nguo, kikajengwa mtoni, palepale palipokuwa shamba la baba yake. Fundi wa mashine akatoka kaskazini: Jacinto Furtado, Mreno wa kweli. Tolliver mwenye duka akamshika mkono, akamkokota hadi barazani kwa Ailsey, nusu ya mji nyuma yao.

"Bibi Ailsey, toka nje! Nimekuletea ndugu yako!"

Fundi akavua kofia, akamwaga salamu ndefu ya Kireno. Ailsey akaacha kutwanga. Moyo ulimwenda mbio, ila uso ulitulia kama maji ya mtungini. Lugha ya mama yake, Kicherokee, hakuwa ameitamka mbele ya watu tangu utotoni. Akaitamka.

Fundi akamtazama yeye, akautazama umati.

"Kasemaje?" Tolliver akauliza.

"Ananiuliza kama nimekula. Huyu ni wa milimani. Kireno chao kizito."

"Si nilisema!" Tolliver akawageukia wenzake. "Siku zote nilisema ni wa milimani!"

Walipotawanyika, fundi akasema polepole kwa Kiingereza, "Mama, kama wewe ni Mreno, basi mimi ni askofu."

"Kaa ule, baba askofu," Ailsey akamjibu, akampakulia mahindi na maharage.

Akawa anakuja kila Jumapili. Kila mmoja aliongea lugha yake, kwa hamu tu ya kuisikia ikitamkwa, na mwenzake akaitikia kwa kichwa. Mashine zilipokamilika, Jacinto akarudi kaskazini. Ailsey alikwisha kuzoea kuisema lugha yake, akaendelea nayo na wajukuu. Wao wakaingia nayo kiwandani, wakawa wanamtukana msimamizi kwa lugha hiyo, naye kasimama palepale akitabasamu, akidhani ni Kireno cha milimani.