Pumzi ya Watu Wawili

Nilikuwa na mimba ya miezi saba kikohozi kiliponishika. Wakati huo niliuza mitumba katika soko la Zombe, na kila siku ya soko nilishinda nikikung'uta mashati na kuyatundika kwenye kamba, kwa hivyo niliposikia kifua kinaniwasha nikasema ni vumbi. Mume wangu, fundi wa pikipiki mwenye kibanda upande wa pili wa soko, naye akasema ni vumbi. Mama mkwe alichemsha majani ya mwarobaini, akanifunika blanketi juu ya sufuria, akaniambia nivute mvuke mpaka nitoke jasho.

Korona ilikuwa imekaa nasi muda mrefu na tulikuwa tumechoka kuiogopa. Maski tulivaa tulipoona polisi. Kanisani tuliketi mbalimbali zile Jumapili za mwanzo, kisha viti vikaanza kusogeleana vyenyewe.

Asubuhi moja niliinama kumfunga binti yangu kamba za viatu, nikashindwa kuinuka. Si mgongo ulionikataa. Ni hewa. Nilifungua mdomo na hewa ikaingia, lakini ilikuwa kama haifiki popote.

"Mama," binti yangu akaniuliza, "mbona unapumua kama umetoka kukimbia?"

Mume wangu alisikia swali hilo akiwa mlangoni. Hakwenda kazini. Alinipandisha pikipiki, akanipeleka dispensari polepole, akipita kando ya kila shimo kana kwamba amebeba mayai.

Nesi wa pale nilimfahamu kwa sababu ndiye aliyekuwa akinipima tumbo kliniki. Alinichomeka kile kifaa kidogo cha kubana kidole, akatazama nambari. Akakifuta kwa pamba, akakibana kwenye kidole kingine. Kisha akakichomeka kwenye kidole chake mwenyewe, akatazama, akakirudisha kwangu. Nilikuwa namwangalia macho, maana ndiyo tu yaliyoonekana juu ya maski.

"Mwaitu, umekuja hapa na nini?" aliniuliza. Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na alikuwa hajawahi kuniita hivyo.

"Pikipiki."

"Basi hutarudi nayo." Akamgeukia mume wangu. "Damu yake haina hewa ya kutosha. Yake na ya mtoto. Naita ambulensi iwapeleke Kitui."

Habari ilifika nyumbani kabla ya gari. Mama mkwe alikuja kwa miguu, leso imemlegea kichwani, akasimama kati yangu na mlango.

"Haendi," alisema. "Jirani yetu alipanda gari hiyo hiyo. Tukaletewa sanduku limefungwa, hata uso hatukuonyeshwa. Huyu ni mtoto wangu. Kama ni kuugua, augue nikimwona."

"Mama, hapa sina mtungi mkubwa," nesi alimjibu. "Nilio nao ni wa njiani tu."

"Mungu anao."

Mume wangu alikuwa katikati yao, mikono imejaa grisi kwa vile hakuwa amenawa tangu jana yake. Alinitazama mimi. Nilijua akiambiwa amvuke mama yake angeweza, lakini jambo hilo lingemla maisha yake yote iwapo nisingerudi. Nikaona afadhali nilibebe mwenyewe.

"Nipelekeni," nilisema. Ndilo neno pekee nililoweza kulitoa lote bila kukatika.

Mama mkwe aliondoka mlangoni. Alipopita karibu nami alinigusa tumbo kwa kiganja chote, akasema, "Mwana wakwa," mwanangu, kisha akatoka nje bila kuangalia nyuma.

Safari ya kwenda Kitui naikumbuka kwa mshale. Ule mtungi wa njiani ulikuwa na saa ndogo juu yake, na mshale wake ulikuwa unashuka kuelekea sehemu nyekundu. Nesi alinilaza ubavu wa kushoto, akapiga magoti sakafuni mwa gari, mkono mmoja kwenye barakoa ya oksijeni usoni mwangu, mwingine kwenye koki. Barabara ilikuwa mbovu, na kila tulipogonga jiwe mshale uliruka, ukarudi chini kidogo kuliko ulipokuwa.

"Ongeza mwendo," alimwambia dereva.

"Nikiongeza nitamrusha, sista. Ana mzigo."

"Basi usipunguze."

Baadaye aliniinamia sikioni. "Nitafunga koki kidogo ili tufike nayo. Utasikia kifua kimebana. Usiogope, na usivute kwa haraka. Vuta na mimi."

Alifunga. Ilikuwa kama mtu amenikalia kifuani. Nilimshika mkono nikaminya, na nilipominya mtoto akapiga teke, teke la nguvu lililoonekana hata juu ya gauni. Nesi aliliona. Akacheka ghafla, na maski yake ilikuwa imelowa chini ya macho.

"Huyo bado yupo," alisema. "Vuta."

Tulifika mshale ukiwa umeingia kwenye wekundu. Nesi hakuniaga. Waliovalia magauni ya plastiki walinipokea kwa kitanda cha magurudumu, na nikamwona amekaa kwenye ngazi ya ambulensi, mikono imening'inia, kama mtu aliyeshusha gunia.

Katika wodi ya waliotengwa, kitanda cha pili yangu kilikuwa cha mama mmoja Mwislamu kutoka Tseikuru, ambaye mume wake hununua mbuzi huko na kuwauza mbali. Yeye alikuwa ameanza kupata nafuu. Manesi walikuwa wachache na kila kuingia kwao kulikuwa ni kuvaa upya kuanzia viatu hadi kofia, kwa hivyo simu yangu ilipolia ni yeye aliyeamka na mpira wake wa oksijeni, akaniwekea sikioni. Mimi sikuweza kuongea. Nilikwaruza kioo cha simu kwa ukucha.

"Ndugu, amekusikia," alimwambia mume wangu. "Sema tu. Anakwaruza."

Ikawa ndiyo desturi yetu. Mume wangu alikuwa nje ya uzio wa hospitali, haruhusiwi kuingia, na aliniambia mambo ya kawaida. Binti amekula. Mama anakusalimia. Mama yako amepiga simu kutoka Kalamba, anataka kuja, nimemwambia asubiri. Mimi nakwaruza.

Daktari alikuwa kijana. Hakuzungusha maneno.

"Mtoto hajakomaa," alisema. "Tumekudunga sindano za kumsaidia mapafu. Tukimtoa leo, atahangaika yeye. Tukingoja kupita kiasi, utahangaika wewe, na ukizidiwa naye atazidiwa. Kwa hivyo tunakuangalia wewe na yeye kila mara. Umenielewa?"

Niliinua kidole. Nilikuwa nimeelewa kwamba kila pumzi niliyovuta tuligawana, na kwamba haikutosha.

Nikangoja. Kazi yangu yote ilikuwa kulala ubavu na kuvuta hewa iliyosukumwa na mashine kwenye barakoa yangu. Sikuweza kulala kifudifudi kama walivyolazwa wengine kwa sababu ya tumbo. Mama wa Tseikuru aliniambia, "Dada, usishindane na mashine. Iache ikusukume." Alikuwa akisoma dua zake polepole, nami ndani kwa ndani nikiimba tenzi zetu za kanisani, na sidhani kama kuna aliyemkatiza mwenzake.

Mchana mmoja, baada ya uji kuletwa na kuondolewa bila kuguswa, nilitambua kwamba tumbo limenyamaza. Nililisukuma kwa vidole. Kimya. Nikasukuma upande wa chini, pale alipopenda kuweka miguu. Kimya. Nikapiga chuma cha kitanda kwa kijiko.

"Nini?" jirani yangu aliuliza. Nikamwonyesha tumbo, nikatikisa kichwa. Hakungoja nirudie. Aling'oa mpira wake puani akaenda mpaka mlangoni akiita, "Sista! Sista, mtoto!" kwa sauti ambayo sikudhani mapafu yale yanaweza kuitoa.

Waliniwekea mashine ya kusikiliza moyo wa mtoto. Nilikuwa nimezoea kuusikia kliniki, ule mlio wa farasi anayekimbia. Sasa ulikuwa unatembea. Daktari alisikiliza kidogo tu, akasema, "Twende."

Kwenye chumba cha upasuaji, ili wanidunge sindano ya ganzi mgongoni ilibidi niketi na kuinama, na kuinama kulinifunga hewa kabisa. Nesi wa kiume alinikumbatia kwa mbele, barakoa yangu ikiwa begani kwake, akasema, "Niegemee mimi. Sitaanguka." Niliona weusi ukija kutoka pembeni mwa macho. Kisha miguu ikafa ganzi, wakanilaza, wakatandaza kitambaa mbele yangu.

Nilisikia wakivutana na mwili wangu. Nilisikia mtu akisema, "Ametoka." Halafu hakuna kilichosikika isipokuwa vyombo, na viatu vikienda haraka kona moja. Nilingoja kilio. Nilisahau kuvuta hewa yangu mwenyewe, mashine ikaanza kupiga kelele, na mtu akanigonga shavu, "Mama, vuta! Vuta!" Ndipo kikaja, kidogo, kama mlango usiotiwa mafuta.

"Ni msichana," walisema, wakapita naye. Niliona kitambaa tu.

Baada ya hapo nilizidiwa. Siku zile sina za kusimulia. Nina mwanga wa dirisha na mikono ya watu. Nilichokijua kwanza nilipopata nafuu ni harufu ya spiriti waliyonifuta nayo mkono. Ilikuwa mara ya kwanza kunusa kitu tangu Zombe, na nililia kwa ajili ya spiriti.

Mtoto alikuwa jengo lingine. Mume wangu alipimwa, akaonekana hana ugonjwa, akaruhusiwa kukaa naye kifua kwa kifua, kwani hilo ndilo joto la kutosha kwa mtoto mdogo vile. Nilipotolewa kwenye wodi ile walinipeleka huko kwa kiti cha magurudumu. Nilimkuta mume wangu ameketi wima kama anayepigwa picha, shati limefungwa hadi shingoni, na juu ya kifungo cha mwisho kofia ndogo ya sufi. Hakusimama. Aliogopa kumwamsha.

"Karibu," alinong'ona, kama mwenye nyumba.

Hospitali ilipotuachilia hatukurudi Zombe. Nilienda Kalamba kwa mama yangu nipate nguvu, kwani hata kutoka kitandani hadi jikoni nilipumzika njiani. Huko ndiko mama mkwe alikokuja kutuona, akivuka kutoka kaunti ya Kitui hadi ya Makueni na kuku wawili kapuni. Ndipo niliposikia yaliyotokea nyuma yangu. Sokoni ilisemekana nimekufa. Wanawake wa kanisa walifika kwake na kuni na sukari, wakaanza wimbo wa msiba mlangoni.

"Ukafanyaje?" nilimuuliza.

"Niliwafukuza. Niliwaambia, huyu hajafa, chukueni kuni zenu." Alimfunua mtoto uso, akamwangalia muda mrefu. "Halafu nikaingia ndani nikalia. Mimi pia nilikuwa nimeamini."

Mama yangu aliita kutoka nje kwamba muthokoi wa mahindi na maharagwe umeiva. Mama mkwe alimchukua mtoto mikononi mwangu, akanipa mkono mwingine nishike, na tukaenda mezani polepole, yeye akinisubiri kila niliposimama.