Viraka vya Kuonyesha Wageni

Sikwenda pale kwa huruma. Waliniita nikaenda, kwa sababu Temeke ukiuliza nani anaweza kugeuza koti la mzungu mnene likamkaa kijana mwembamba wa Tandika, utaletwa kwenye baraza langu. Shule niliishia darasa la nne kule Newala. Mengine nimeyasoma kwenye mshono. Unafumua nguo ya fundi mwenzio, unaona alianzia wapi na alidanganya wapi.

Shirika lilikodi ukumbi Mbagala, likakusanya wanawake kumi na wawili, wakimbizi wenye vibali vya kukaa mjini, wengi wa Kongo na wachache wa Burundi. Wafundishwe kugeuza mitumba kuwa nguo mpya, wajitegemee, wazoeane na watu wa mtaani. Maneno mazuri hayo, na mie niliyaamini. Msimamizi alikuwa binti wa hapa hapa, kitambulisho shingoni kutwa nzima kama mtu anayeogopa kupotea. Aliniamkia vizuri, "Shikamoo babu," akanionyesha belo la mitumba.

Tulilifungua. Jamani! Nimefungua mabelo miaka mingi, ile harufu ya dawa ya mitumba naijua. Hii haikuwa dawa. Yalikuwa majasho ya watu, yamechacha. Soksi zenye matundu, sidiria zilizolegea, fulana za manjano kwapani, suruali ya mtoto iliyokaukiwa na uchafu ambao sitautaja. Nikamuuliza yule binti, "Hizi mmeokota jalala gani?"

"Ni msaada babu. Za kufundishia tu."

"Mtu unamfundisha kupika kwa nyama iliyooza?"

Akacheka, akadhani natania.

Mama mmoja wa makamo, mtu wa Uvira kule Kongo, alilisogelea lile belo. Alijifunga kitenge puani, akazamisha mikono mpaka viwikoni, akachambua. Mwisho akaibuka na koti la suti, la kiume, la kijivu, kola imepauka na kiwiko kimoja kimetoboka. Hakulitazama mbele. Aliligeuza, akaanza kukagua bitana, kile kitambaa cha ndani. Hapo nikajua nina fundi mwenzangu. Asiye fundi hutazama vifungo.

"Umeshonea wapi, mama?"

"Kwetu, papa. Nilikuwa na mashine tatu na wasichana wa kunisaidia. Yote ilibaki." Papa kwao ndiyo baba.

Kulikuwa na jambo moja lililomshika pale. Mwisho wa mafunzo yangekuwepo maonyesho mbele ya wafadhili, kwenye hoteli moja ya Mbezi Beach, na kila ambaye nguo yake ingechaguliwa kupanda jukwaani angepewa cherehani. Yeye alikuwa analala sebuleni kwa mwanamke mwingine, akifua nguo za nyumba nzima na kuosha vyombo ili asifukuzwe kwenye mkeka.

"Nikipata mashine, papa, nahama kesho yake," aliniambia. Hakulia. Alisema kama mtu anayekutajia saa.

Wiki mbili alikuwa na lile koti. Alilifumua lote, akalifua mara nne, akakigeuza kitambaa, upande wa ndani ambao haujapauka ukawa nje. Kwenye kile kitundu cha kiwiko alichomoa nyuzi za pindo la zamani, akazifuma moja moja kwa sindano mpaka tundu likafunga. Nililipeleka dirishani nikalitafuta lile tundu kwa kidole, nikalikosa. Likatoka koti la kike, limeingia kiunoni, mabega yamesimama. Mie si mtu wa kusifia. Siku ile nilisifia.

Niwaeleze wasiojua. Kwetu sisi mafundi, kiraka ni siri ya fundi na mwenye nguo. Nimetia viraka kaptula za shule tangu nina nywele nyeusi, na nilikuwaga nakesha nikikitafutia kitambaa cha rangi yake, kwa sababu mtoto wa maskini hapaswi kunyooshewa kidole matakoni. Kiraka kikionekana, fundi ameshindwa.

Basi binti msimamizi akaja kukagua. "Babu, hili si mmenunua dukani?"

"Limetoka kwenye uchafu wako ule."

"Ni zuri sana. Ila ndiyo ishu yenyewe, halionyeshi. Wageni wanataka waone limetoka wapi. Tuliongezee viraka babu, vya rangi rangi. Na mshono wa mkono, mkubwa, uonekane."

"Kiraka kwenye nguo nzima?"

Mama mmoja wa Burundi akapiga makofi. "Haya jamani, leteni mkasi! Tutoboe kwanza, halafu tushone!" Ukumbi mzima ukacheka. Binti hakucheka.

"Lisipokuwa na viraka halipandi jukwaani," akasema. "Si mie, ni maelekezo."

Yule wa Uvira akanisukumia koti. "Shona wewe, papa. Mkono yangu inakataa."

Nikashona. Kimoja cha jinzi kifuani, kimoja cha maua mkononi, kimoja cha fulana ya manjano mgongoni, kwa uzi mnene, hatua ndefu ndefu, kama unashona gunia la mkaa. Nilijiambia nafanya kwa ajili ya cherehani yake. Uongo nusu. Walishaniahidi kunipa kundi linalofuata nilifundishe, na karatasi ukutani ilikuwa imeniandika mtaalamu. Mtu wa darasa la nne, mtaalamu! Nililipenda lile neno. Nikilikumbuka sasa mate yananijaa ya kutema.

Mbezi Beach walipiga makofi. Mgeni mmoja alimsogelea yule mama, akakibonyeza kile kiraka cha kifuani kwa kidole bila kuomba ruhusa, akatabasamu na sahani yake ya sambusa mkononi. Mama alitazama ukuta. Cherehani akapewa, na koti akaondoka nalo.

Kesho yake asubuhi alifika barazani kwangu na guta, ile baiskeli ya mizigo, cherehani juu, mfuko wa nguo juu ya cherehani. Kule kwenye mkeka ameshaaga. Akaomba nafasi ya kufanyia kazi na pa kulala mpaka apate chumba. Mke wangu akampa cha uani. Cherehani hakuitia uzi kwanza. Aliomba wembe, akaketi, koti mapajani, akafumua. Hakuwa na haraka. Alipomaliza alivipanga vile viraka vitatu juu ya meza yangu.

"Hizi ni zako, papa."

Alilipiga koti pasi ya mkaa kwa kitambaa kibichi, akalitundika msumarini kwa nje, liwe sampuli. Kabla ya adhuhuri akapita mwalimu wa kike, akauliza limenunuliwa duka gani. Mama akachukua futi akaanza kumpima kifua.

Chumba alipata, huko huko Mbagala, na mashine akahama nayo. Koti aliniachia litundikwe, linamletea wateja, nami nawaelekeza kwake. Uzi wangu ulikuwa mnene mno, pasi haikuvifuta vitundu vyote vya sindano pale kifuani. Wateja hawavioni. Mie nakaa mkabala navyo kutwa.