Mama Taipu na Kompyuta Isiyo na Herufi

Saa mbili na robo asubuhi, chumba cha darasa la tano kimejaa watu wazima waliojikunja kwenye madawati ya watoto. Ni Jumamosi, wenye darasa wako nyumbani, na baraza la ardhi linalozunguka vituo sita limehamia hapa na mihuri yake. Pembeni mwa ubao ameketi mwanamke wa miaka hamsini na tisa, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Anaandika, lakini haangalii anachoandika. Macho yake yako kwa mzee anayeeleza jinsi jirani alivyosogeza mpaka hatua kumi na mbili.

Mzee akisema, vidole vinakimbia. Mzee akinyamaza, vidole vinangoja. Kisha mkono wa kushoto unanyanyuka wenyewe, unapita hewani juu ya mashine kutoka kushoto kwenda kulia, unarudi mahali pake. Hakuna ulichosukuma, maana hakuna cha kusukuma.

"Miaka thelathini na mbili mkono huu umekuwa ukiirudisha taipureta mwanzo wa mstari," anasema wakati wa mapumziko, akiutazama kama ndugu mkaidi. "Leo niuambie uache? Utanisikia wapi!"

Huyu ndiye Mama Taipu. Jina lake la kuzaliwa linaishi kwenye kitambulisho tu, na hata wajukuu hawalitumii. Mbele yake kuna kompyuta mpakato ndogo, nyeusi, iliyolala chali kama daftari lililofunguliwa. Ukiisogelea unashtuka kidogo. Kibodi yake haina hata herufi moja. Zote zimefutika.

Kabla ya hiyo alikuwa na taipureta ya chuma, kilo kumi na nne pamoja na sanduku lake la mbao. Alipanda nayo mabasi, alidandia nayo malori, na siku za mvua alitembea nayo kwenye tope mpaka kituo cha mwisho. Bega lake la kulia limeshuka kuliko la kushoto, na hili analithibitisha mshonaji wake, ambaye ni wifi yake, dada wa mumewe.

"Gauni lake nikilikata sawasawa, likivaliwa linapinda," anasema wifi huyo, ambaye cherehani yake na taipureta ya Mama Taipu zilikaa kibaraza kimoja kwa miaka mingi. "Na kelele zetu sasa! Wapita njia walidhani hapa kuna kiwanda."

Baraza lilimlipa elfu mbili kwa kila ukurasa. Siku nzuri alimaliza kurasa kumi na tano, siku mbaya alirudi na nauli tu. Hata hivyo, kazi hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wake wanne, na hiyo ndiyo kazi pekee anayoijua.

Mwaka jana ikataka kumponyoka. Mwenyekiti mpya wa baraza alitangaza kwamba maelezo ya watu yatatumwa makao makuu siku ile ile, kwa kompyuta. Mwandishi aje na mashine yake mwenyewe, inayobebeka, na kutakuwa na majaribio baada ya siku arobaini. Mama Taipu alimfuata ofisini kuuliza kama naye anaruhusiwa kujaribu.

"Akaniambia, 'Mama, umetumika vya kutosha. Pumzika.' Kwa sauti nzuri kabisa," anakumbuka. "Angenitukana ningemjibu. Lakini alinionea huruma, nikaaga nikaondoka."

Alirudi nyumbani amefura. Hakula. Wifi yake alimsikia akizungumza na sufuria jikoni. Kesho yake asubuhi alivaa viatu vyake vya harusini, akachukua akiba yake, laki nne, akaelekea mjini.

"Nilimwuliza, wifi, unaenda kununua kompyuta au unaenda kuposwa?" anacheka mshonaji.

Duka la kwanza lilikuwa la vioo na kiyoyozi. Muuzaji alimwonyesha kompyuta nyembamba, inayong'aa, nyepesi kiasi cha kubebwa kwa vidole viwili. Bei yake ilipita milioni, lakini alisema kuna mpango wa kulipa kidogo kidogo, basi mama aijaribu tu. Mama akajaribu. Aliandika mstari mmoja safi kabisa, na mstari ulipofika mwisho, mkono wa kushoto ukafanya kazi yake ya siku zote. Ukaipiga skrini kofi la ubavuni. Kompyuta ikateleza juu ya kaunta, na muuzaji akaidaka chini kama golikipa.

"Hakunifukuza," anasema Mama Taipu. "Aliniambia tu wanakaribia kufunga. Saa nne asubuhi!"

Mwingine angerudi nyumbani kulia. Yeye aliketi kwenye ngazi za duka hilo, akautazama mkono wake, akafikiri. Kosa lile halikuwa la bahati mbaya. Lingetokea tena, mbele ya baraza, mbele ya huyo mwenyekiti mwenye huruma. Kwa hiyo hakuwa anatafuta kompyuta nzuri. Alikuwa anatafuta kompyuta itakayoishi na mkono wake.

Mtaa wa nyuma alimkuta fundi wa kompyuta, mwanamume mwenye upara, anayeuza pia mashine zilizokwisha kutumika. Alimweleza ukweli wote, pamoja na kofi.

"Miaka yote wateja huniuliza rangi," anasema fundi huyo. "Huyu alikuja ananiambia, 'Baba, mimi nina mkono wenye fujo, nitafutie inayovumilia.' Nikaweka tano mezani, nikajisalimisha."

Mama Taipu alizichagua kama mtu anayechagua nyanya. Kwanza uzito. Alizipeleka moja moja kwa muuza mboga wa jirani, zikapimwa kwenye mizani ya viazi, na iliyozidi kilo moja na nusu akairudisha papo hapo. Hapo zikabaki tatu. Betri nayo ilikuwa na neno, maana vituo vinne kati ya sita havina umeme. Fundi alisema zote zinakaa na chaji saa saba. Mama akavuta kigoda.

"Nilimwambia betri sitaisikia, nitaiona."

Akakaa pale kutwa nzima, akiandika kwa zamu kwenye mashine zote tatu. Watu wakaona mama anaandika bila kuangalia, wakamwomba awaandikie barua za maombi ya kazi, naye akawaandikia bure ili vidole visilale. Kufikia alasiri foleni ilikuwa imefika barabarani na fundi alikuwa ameuza chaja sita. Mashine moja ilikata roho saa nane. Mbili ziliendelea, na hizo mkono ulikuwa umeshazipima tangu asubuhi, kwenye mstari wa kwanza.

Ya kwanza ilikuwa ya rangi ya fedha, safi, ya laki tano. Mkono ukapita, kofi likalia, mashine ikaenda kugonga redio ya fundi. Ya pili ilikuwa nyeusi, ndogo, imekaa rafuni miezi minane bila mtu wa kuiulizia, kwa sababu herufi zake zilikuwa zimesuguliwa zikaisha. Fundi hakutaka hata kuitaja bei. Mama Taipu alipoifungua, bawaba zake hazikuishia katikati kama za wenzake. Skrini ilishuka mpaka ikalala mezani.

Akaandika mstari. Mkono ukanyanyuka, ukapita juu, haukugusa kitu.

"Tukatazamana," anasema fundi. "Nikamwambia, mama, tatizo ni kwamba haina herufi. Akacheka mpaka akavua miwani."

"Mimi herufi nimezitazama lini?" anauliza Mama Taipu. "Kwa wengine ilikuwa na kilema. Kwangu haikuwa na kasoro yoyote!"

Aliondoka nayo kwa laki mbili na nusu. Wifi akaishonea mfuko wa kitambaa kizito wenye pamba ndani, na mkanda wa kuvaa begani. Bega la kushoto, alisisitiza, ili lile la kulia lipate kupona. Siku zilizosalia, binti wa mwisho alikuja jioni kumfundisha kuhifadhi maandishi na kuyatuma. Alipoteza kurasa tatu siku ya kwanza, mmoja siku ya pili. Baada ya hapo hakupoteza tena.

Siku ya majaribio walikuwa waombaji watatu. Wawili walikuwa vijana wenye mashine mpya. Mwenyekiti alipita akikagua, akafika kwenye ile nyeusi, akasimama.

"Mama, mbona hii haina herufi?"

"Zimo vidoleni, mwenyekiti."

Watu wakacheka, naye akatabasamu kwa ile huruma yake. Kisha akaitwa bibi mmoja mjane atoe maelezo ya shamba lake, na waombaji wote watatu waandike kwa pamoja. Bibi hakuwa na nukta wala mkato. Alisema kwa kasi, akalia, akarudi nyuma, akataja visiki, mifereji na majina ya majirani waliokwisha kufa. Kijana wa kwanza aliomba arudie. Wa pili aliacha kumtazama, akawa anasaka herufi, akaachwa mbali. Mama Taipu alikuwa akimtazama bibi machoni, akitikisa kichwa, na kila mwisho wa mstari mkono ulipita hewani kama baraka.

Dakika arobaini baadaye maelezo yakasomwa kwa sauti, moja baada ya jingine. Mawili ya kwanza yalikuwa na mapengo. Yaliposomwa ya tatu, bibi alisimama.

"Hayo ndiyo maneno yangu," alisema. "Hata pale nilipolia, ameniachia nafasi."

Mwenyekiti aliinuka, akaja mpaka kwenye ile meza, akampa mkono. Mama Taipu anakiri kwamba alilia, na kwamba hakujificha.

Leo anaandika kurasa ishirini na tano kwa siku, na mwezi uliopita makao makuu hayakurudisha hata ukurasa mmoja usahihishwe. Alasiri za Jumanne kile kibaraza kinageuka darasa. Wanawake saba hupokezana kompyuta hiyo moja, na wawili kati yao ni makarani waliotumwa na mwenyekiti mwenyewe. Fundi ameambiwa asitupe mashine yoyote iliyofutika herufi. Ameshaweka mbili. Mama Taipu anataka sita, ili kabla ya mwisho wa mwaka ujao kila kituo kiwe na mwandishi wake.

"Nikimaliza hilo nitakuwa nimeshinda kabisa," anasema. "Sasa hivi nimeshinda nusu, na nusu yenyewe ni tamu."

Darasani watu wanaanza kurudi kwenye madawati. Mwenyekiti anachungulia mlangoni, kalamu sikioni.

"Mama, umepumzika? Tuendelee?"

Mama Taipu anavuta kiti, anailaza skrini chali.

"Mimi? Nilikuwa nakungoja wewe."