Naam ya Muhdhar

Kwetu Siyu mwanamume akiitwa hasemi "nini." Huitika naam, na mwanamke husema labeka. Tulifundishwa hayo kabla ya alifu na bee, na aliyesahau alikumbushwa kwa kofi. Na mkubwa akikusemeza hukai kimya kama gogo ukamwacha aseme peke yake. Kila akivuta pumzi, wewe watia naam, ajue masikio yako yako kwake. Hata kama unalotaka kusema ni la, huanza na naam. "Naam, ami, siwezi." Yenyewe si jibu. Ni mlango tu wafungua, jibu laja nyuma.

Muhdhar mtoto wa Bi Alawiya alizidi wote. Alikuwa fundi wa makubadhi, mtu wa ngozi na uzi na sindano, mpole hata paka akilia mlangoni yeye husema naam. Mkewe Mardhiya alikuwa akimtania, "Huyu siku Izraili akija kumwita hatahangaika naye. Ataitika mwenyewe." Mungu hakuwajaalia watoto. Walikuwa na Bi Alawiya tu, ambaye macho yalimwisha, mchana na usiku akivijua kwa adhana. Kazi yake ilibaki moja, kuita.

"Muhdhar!"

"Naam, mama."

"Basi. Nalitaka kujua kama upo."

Baada ya kitambo ataita tena, na Muhdhar ataitika tena kwa sauti ile ile, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Sisi majirani tulizoea kuisikia kama tunavyosikia jogoo.

Sasa Muhdhar alikuwa na binamu yake, Taufiq, mtoto wa mamake mdogo. Walilelewa nyumba moja, na sauti zao zilifanana hata sisi tulikuwa tukikosea tukiwa upande wa pili wa ukuta. Taufiq alihamia Kizingitini, akawa mnunuzi wa kambakoche, mambo yake mazuri. Siku moja alikuja na punda amebeba kitu kimefungwa turubai. Ilikuwa mashine ya boti.

"Kaka, nikuwekee hapa kwako siku mbili tatu? Kwangu hapana nafasi."

"Naam," alisema Muhdhar, akanyanyuka kumpokea. "Lakini ni ya nani, ndugu yangu, na mbona..."

"Ushasema naam, kaka. Yatosha!" Taufiq akacheka, akaishusha mwenyewe katikati ya ngozi.

Ijumaa iliyofuata polisi walikuja na mwenye mashine, mvuvi wa Pate aliyeibiwa. Waliikuta pale pale, haikufunikwa hata na jani. Muhdhar akasema ni amana ya binamu yake. Taufiq akaitwa, akaja na tasbihi mkononi.

"Mimi? Afande, mimi nauza kambakoche. Huyu ni damu yangu, naumia, lakini siwezi kumfunika. Haki ni haki."

Kabla hawajamtia Muhdhar botini, Taufiq alimkumbatia kwa machozi mbele ya watu. Akamwambia sikioni, na Mardhiya aliyekuwa amemshika mumewe mkono akasikia: "Vumilia, kaka. Wewe huna watoto. Mimi ninao."

Mardhiya alivuka kwenda Amu, yaani Lamu mjini, kutafuta wakili, nami nikafuatana naye kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine. Jamaa zake wa huko walimwambia alete wakili wa Mombasa, mkubwa, anayeogopwa. Akakataa.

"Nataka mtu wa hapa," alisema. "Mtu anayejua tunavyosema. Huyo wa Mombasa mume wangu atamwelezaje?"

Ndipo tukaenda kwa Wakili Kamaludin, mtoto wa Amu halisi, aliyesoma Nairobi na kurudi. Mardhiya alivua bangili zake akaziweka mezani. Wakili alizitazama, akazifunika na gazeti.

"Bi Mardhiya, kesi hii nyepesi. Mwenye amana yuajulikana, punda alionekana na kijiji kizima, nitaleta mashahidi. Sharti mumeo akane siku ya kwanza. Akikana tu, tumeshika usukani."

Tulimkuta Muhdhar kituoni amekaa sakafuni, kofia yake imechukuliwa. Wakili akachuchumaa nje ya vyuma, akamfunza vizuri, sina la kumsingizia.

"Utasomewa mashtaka. Utaulizwa ni kweli ama si kweli. Wewe useme si kweli. Mengine niachie mimi."

"Naam, bwana wakili."

"Nami nitakuwa ubavuni mwako."

"Naam."

"Haya, mimi ndimi hakimu. Muhdhar, ni kweli ama si kweli?"

"Naam. Si kweli."

"Wallahi umefaulu mtihani!" Wakili akacheka, akapiga vyuma kwa kiganja, nasi tukacheka naye. Hakuna aliyesikia kosa. Mtu wa mbali angesikia, angemwambia, mzee, hiyo naam iache hapa hapa. Lakini wakili wetu alikuwa wa kwetu. Kwake yeye pia naam si neno, ni pumzi.

Jumatatu asubuhi tuliingia kortini tukakaa benchi la nyuma. Hakimu alikuwa mwanamke kutoka bara, kijana, mwenye mafua, na mafaili yamejaa mbele yake. Wakili Kamaludin tulimwacha barazani nje, amesimama na watu. Si alikuwa mtoto wa mji? Kila aliyepita alimshika mkono amuulize hali yake, na ya mamake, na ya ndugu zake, na mji wao unaendeleaje, naye kila mmoja alimjibu mpaka mwisho. Salamu zetu hazikatwi. Mardhiya alikuwa akigeuka kutazama mlango, ageuke tena, na sauti ya wakili twaisikia, "Alhamdulillahi, alhamdulillahi, na huko kwenu je?"

Jina la Muhdhar likaitwa.

"Naam."

Karani akasoma, akituatua kama wasomavyo. Kwamba yeye Muhdhar, "Naam," katika kijiji cha Siyu, "Naam," alipatikana na mashine ya boti, mali ya wizi, "Naam," akijua au akiwa na sababu ya kuamini kuwa imeibwa. "Naam." Alisimama wima, mikono ameifunga mbele, kichwa ameinamisha kidogo kama mbele ya mwalimu wa chuo cha Kurani. Mimi nilikuwa nimekaa pale na sikuona ubaya wowote. Niliona mtu mwenye adabu zake.

"Umeelewa?" akauliza hakimu.

"Naam."

"Ni kweli ama si kweli?"

"Naam, bibi," alisema Muhdhar, akavuta pumzi aseme lililobaki. Lakini hakimu alikuwa ameshainama anaandika. Na Muhdhar hasemi juu ya mtu anayeandika. Alingoja ainue uso.

Hakuinua. Mwendesha mashtaka akasimama, akaeleza jinsi mashine ilivyopatikana.

"Mambo ndivyo yalivyokuwa?"

"Naam, bibi..."

"Mahakama inakupata na hatia kwa kukubali kwako mwenyewe. Uko na la kusema kabla ya hukumu?"

Hapo ndipo hakimu alipoinua uso. Muhdhar akaona zamu yake imefika, akasema kwa sauti ya wazi, kama alivyofunzwa:

"Si kweli, bibi."

Korti nzima ilicheka. Askari walicheka, karani aliziba mdomo kwa faili, mahabusu waliokuwa wakingoja zao walipigana mabega. Mardhiya alisimama akapiga ukelele, "Hajajibu! Alikuwa bado hajajibu!" Polisi mmoja akamkalisha.

"Mzee, usicheze na korti," alisema hakimu. "Umekubali mara nane, nimehesabu. Sasa umesikia hukumu yaja ndio unageuka? Miaka minne."

"Naam," alisema Muhdhar.

Wakili aliingia mbio, kicheko cha salamu hakijamtoka usoni. Alisema yote yanayosemwa. Hakimu akamuuliza alikuwa wapi, kisha akaita kesi nyingine.

Rufani ilikwenda taratibu, na huko jela nako hakukungoja. Habari zake tulizipata kwa mtu wa Pate aliyefunguliwa kabla yake, ambaye alituhadithia gatini huku akicheka, maana naye aliona ni jambo la kuchekesha. Askari jela wakiita jina, yatakiwa mtu ajibu "Afande!" Muhdhar akaitika naam. Wakampiga kwa kukosa heshima. Kesho yake naam, wakampiga. Wafungwa wakaona pumbao hilo. Wakawa wanamwita ovyo, huyu kutoka huku, yule kutoka kule. "Muhdhar!" "Naam." "Muhdhar!" "Naam." Akiwa anakula, akiwa chooni, akitaka kulala. Walishindana nani atamfanya aitike akiwa na tonge mdomoni. Na yeye, jamani, aliwaitika wote, mmoja mmoja.

"Kisha akanyamaza," yule mtu alisema. "Asubuhi moja tu. Tukamwita mpaka tukachoka. Likatuishia lile pumbao."

Huku nyumbani Bi Alawiya aliita. Mardhiya alimwambia kwamba Muhdhar amekwenda Mombasa kuuza makubadhi. Akaita vivyo hivyo. Akawa hali chakula, maji akayatema, akiita mpaka sauti ikawa kama karatasi inayochanwa. Vijana wa pale kwenye baraza siku moja walijibu kwa mzaha kutoka njiani, "Naam, mama!" Akainuka, akakimbilia ile sauti na mikono mbele, akajigonga ukutani. Walicheka, kisha wakaona damu wakaenda zao.

Taufiq alikuwa akija na samaki. Mardhiya hakumtaka mlangoni, lakini mkwewe ni mama mkubwa wa Taufiq, atamzuiaje? Basi siku moja yumo uani, bibi kizee akaita, "Muhdhar!" Na Taufiq akaitika, polepole, sauti ile ile:

"Naam, mama."

Mardhiya alitaka kumrukia. Akamwona bibi ameshika uso wa Taufiq kwa mikono miwili, analia, anasema, "Ndoo, mwanangu, ndoo kwangu. Kwani ulikuwa wapi?" Na jioni ile alikula. Mardhiya akamwacha. Tangu siku hiyo Taufiq alipokuja alikuwa Muhdhar, na alikuja mara nyingi. Mungu ndiye ajuaye kama ilikuwa toba au ni wizi mwingine.

Rufani ikashinda. Mahakama ya juu ikasema naam ile haikuwa kukiri. Wakili Kamaludin mpaka leo husifiwa kwayo, na akiombwa kwenye kahawa huihadithia yote, naam zote nane kwa sauti ya Muhdhar mwenyewe, watu wakicheka wakishika mbavu. Huwa hasemi alikuwa wapi.

Muhdhar alifika Siyu adhuhuri, nywele nyeupe zote. Tulijaa ukumbini. Na Taufiq naye alikuja, kanzu imepigwa pasi, kumpokea ndugu yake kama watu wanavyopokea. Bi Alawiya alisikia nyayo nyingi, akageuza uso.

"Muhdhar?"

Muhdhar alikuwa amesimama mbele yake, karibu ya kuguswa. Midomo ilifunguka. Hakikutoka kitu.

"Muhdhar!"

Mardhiya akamsukuma mgongoni. "Mwitikie. Mume wangu, mwitikie, ni mamako huyu." Akatikisa kichwa. Mikono yake ilikuwa imeinuka kukinga masikio, kama mtu anayengojea pigo.

"Muhdhar, mbona huniitiki?" Bibi akataka kuinuka.

"Naam, mama," alisema Taufiq nyuma yetu.

Uso wa Bi Alawiya ukatulia. Alinyoosha mkono kuelekea sauti, ukampita Muhdhar kifuani, ukamfikia Taufiq, ukamshika kidole.

"Alhamdulillahi. Nalitaka kujua kama upo." Kisha akainua pua kidogo, kama anayenusa. "Na huyu mwingine ni nani, aliyesimama hapa asiitike wala asitoe salamu?"

Alitega sikio kidogo.

"Ni mgeni," alisema Bi Alawiya. "Mpeni mayi ya kunywa, aende."