Mbigili kwenye Kipande cha Bi Mkubwa

Kazi ya kupalilia kingo za barabara haina shukrani. Ukiifanya vizuri hakuna anayekuona. Ukiacha jani moja, kila mtu ana macho. Bi Mkubwa, kama wenzake walivyomwita, aliianza tangu ujanani, na mgongo ulikuwa umeshapinda. Siku hizi alifanya kazi pamoja na mke wa mwanawe, kila mmoja na kipande chake, na majembe yao mawili ndiyo yaliyolisha nyumba nzima.

Wiki ile aliacha mbigili. Mbigili, jamani! Mmea unaotoboa ndala na matairi ya baiskeli, mpaka mtu akitukana njiani unajua kakanyaga nini. Ulitambaa karibu na kalavati, na asubuhi ulijaa maua madogo ya manjano, yanayofumba jua likishakaza. Bi Mkubwa alilima kuuzunguka.

Nyapara akasimama hapo. "Bi Mkubwa, macho yameshakwenda?"

Huo ndio ulikuwa mtego. Wazee waliomtangulia waliondolewa hivyo hivyo, kwa macho. Akisema hakuuona, amezeeka. Akisema ameuona, mkaidi.

Mkamwana akadakia, "Ni jasho tu, bosi, limemwingia machoni. Nitaung'oa mimi."

"Nauona," Bi Mkubwa akasema. "Mzuri. Nimechoka kung'oa kila kitu, baba. Huu niachie."

Wenzake wakaangua kicheko. Nyapara hakucheka. Alimpokonya jembe, akamwambia akapumzike nyumbani, asirudi tena.

"Yaani mama, kwa sababu ya miiba?" mkamwana alifoka walipokutana nyumbani. "Sasa wote hawa nitawalisha peke yangu?"

"Nisamehe, mwanangu. Sikujua kama nimechoka kiasi kile mpaka nilipojisikia nasema."

Kesho yake kipande cha kalavati alipewa mkamwana. Maua yalikuwa yamechanua. Aliyatazama kwa mara ya kwanza, akaona kweli ni mazuri, na hilo likamuudhi zaidi. Nyapara alikuwa anakuja. Mkamwana akainua jembe.

Aliporudi, mkwewe alikuwa ameketi mlangoni, mikono imelala mapajani bila kazi.

"Yamechanua?"

"Yamechanua, mama. Tele," akajibu, akaingia ndani upesi kabla hajaulizwa lingine.