Leo mwalimu alikuwa anijibu

Leo nimekaa kimya nusu saa na mwalimu ambaye hakuwepo.

Ni Mbudha, anafundisha kutafakari mtandaoni. Vitabu vyake vyote nimevisoma. Nilimwandikia: mtu aishije na upweke? Akaahidi kunijibu darasani leo.

Hapa kisiwani Chovai mtandao hushika tu ndani ya mashua anayoijenga ami yangu. Aliacha kupigilia misumari kwa ajili yangu.

Mwalimu akasema, "Kwanza tunyamaze."

Nikafumba macho. Nikalia kidogo. (Msicheke.)

Nilipofumbua, mtandao ulikuwa umekatika zamani na darasa limekwisha. Hakuna aliyeuliza nilikopotelea.

Ami bado ameketi, nyundo magotini.

"Mchu wako huyo wa mtandaoni amekujibu?"

"Hapana, ami."

"Basi kaa tu. Misumari haina haraka."