Nilivyomkokota Mkwe Wangu Relini

Nilikaa na lile gari siku kumi na moja tu, na siku zote kumi na moja nililiogopa. Sikumwambia mtu. Fundi cherehani wa Kanyenye, hapa Tabora, siku zile za Waingereza, anunue gari halafu aseme linamtisha? Wangenicheka mpaka sokoni.

Nilikuwa nimelinunua kwa karani mmoja aliyekuwa akihamishwa. Aliponipa ufunguo alicheka, nami sikujiuliza anacheka nini. Mlango wa nyuma ulifunguka kwa nje tu, kitasa cha ndani kilikwisha ng'oka. Stata ilikufa siku ya pili, nikawa nawasha kwa hendeli, kile chuma cha kuzungusha kwa mkono mbele ya gari. Siku ya tisa tangi likaanza kuvuja. Harufu ya petroli ilinifuata hadi kitandani, nikawa nakodoa macho gizani nikiona moto.

Sasa sisi watu wa Tabora kwa nta hatujambo. Kibuyu kikipasuka, nta. Mtungi ukitoboka, nta. Nikaingia uvunguni mwa gari, nikakandika donge zima la nta kwenye ufa, nikalishindilia kwa kidole gumba mpaka likazama ndani. Kuvuja kukakoma. Nikajiona fundi wa mafundi, mjinga mimi! Sikujua kwamba petroli huyeyusha nta.

Siku mbili baadaye mke wangu akajifungua, mtoto wetu wa kwanza, akamtaka mama yake aje kumwuguza. Mama huyo alikaa kijijini upande wa Usoke, ng'ambo ya reli. Nikaenda kumchukua.

Kwetu Wanyamwezi, wakati ule, mkwe wa kike haguswi wala hatazamwi usoni. Ukimwona njiani unaingia porini mpaka apite. Miaka minne ya ndoa, mimi nilimjua kwa mgongo na visigino. Kwa hiyo nikatundika shuka kati ya kiti cha mbele na cha nyuma, nikageuka, yeye akaingia na kuku wa mzazi mapajani, nikaufunga mlango nikiangalia miti. Tulipaswa kusemeshana kupitia mtu wa tatu, naye hakuwapo. Basi mama akawa anazungumza na kuku.

"We kuku, mwambie mwenye gari asikimbize."

"Kuku, mwambie mama hatukimbii, ni njia tu mbovu."

Tulipopanda tuta la reli injini ikakohoa mara mbili, ikazima. Nta ilikuwa imefika kwenye kabureta na kuziba njia ya petroli, ingawa hilo nililijua baadaye. Magurudumu ya mbele yalikuwa yamevuka. Ya nyuma yalikuwa juu ya mataruma, katikati ya reli, na mkwe wangu yuko hapo nyuma.

Hapo ndipo ningemtoa. Nasema wazi, maana nimekaa na jambo hili miaka mingi: hapo ndipo ningemtoa, na sikumtoa. Niliogopa kumfungulia na kumhimiza mkwe kuliko nilivyoogopa treni. Nikashika hendeli. Nikazungusha, nikazungusha, ngozi ya kiganja ikachunika, injini kimya. Nikalitukana gari, nikamtukana karani. Kisha nikasikia reli zinalia chini ya gari, nikainua kichwa, nikaona moshi juu ya miti pale kwenye kona.

Nikaitupa hendeli. "Mama, shuka! Treni!"

"Mlango haufunguki!"

Yallah, mlango! Nilikuwa nimeusahau. Nikakimbia kuufungua, nikamkuta amejifunika kanga mpaka usoni, amejibana pembe ya mbali.

"Usiniguse! Niitie mtu mwingine!"

"Mtu gani porini humu, mama? Toka!"

Treni ikapiga honi, ndefu, haikatiki. Nikaingia mpaka kiunoni, nikamkamata mkono, nikavuta. Akanipiga ngumi ya kichwa. Mkono wake mwingine ulikuwa umeng'ang'ania kiti, nami nikavibandua vidole vyake kimoja kimoja huku nikipiga kelele, sijui nilikuwa nasema nini. Kuku akaruka usoni pangu. Nikamkumbatia mkwe wangu kiunoni, Mungu anisamehe, nikamkokota nje kama gunia, tukabingirika wote wawili chini ya tuta.

Sikuona gari likigongwa. Nilisikia tu, na ardhi ikatetemeka, na vioo vikatumwagikia mgongoni.

Nilipoinuka treni ilikuwa ikijikokota kusimama huko mbele. Gari lilikuwa limelala ubavu, nyuma yote imebonyea, kile kiti hakipo. Mkwe wangu ameketi kwenye kokoto, kanga imeanguka, uso wazi. Nikageuka upande kwa mazoea.

"Nitazame," akasema. Hakuwa akisema na kuku. "Nilikuwa nife bila kuujua uso wako."

Nikamtazama. Ulikuwa uso wa mke wangu, umezeeka, na mdomo unatoka damu pale kiwiko changu kilipompiga.

"Mama, nilikuwa na muda wa kukutoa," nikamwambia. "Tangu mwanzo. Niliogopa kukufungulia."

Alipangusa mdomo kwa pindo la kanga.

"Ungefungua, nisingetoka," akasema. "Ningekaa palepale kwa aibu, nikusubiri uite mtu."

Akanishika mkono ule uliochunika, akaanza kulia, nami nikalia, sikujali kwamba mbele yangu ni mkwe. Tulikuwa bado tumeshikana hivyo dereva wa treni alipotufikia mbio, anahema, akatuuliza kama kuna mtu aliyebaki ndani.